Nyota Haikufanya Kosa Lolote

Mwalimu hakuamini kufuli. Akishafunga mlango wa chumba chake alilivuta, akatembea ukumbi mzima hadi barazani, akasimama kidogo kama mtu aliyesikia jina lake, kisha akarudi kulivuta tena. Ndipo alipoweza kwenda kazini. Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba, alikuwa akimvizia pale mlango wa mbele na ufagio wake, na Mwalimu akigeuka tu humwambia, "Nenda baba, nimeshalivuta mie." Mwalimu alimshukuru kwa adabu, akaenda kulivuta mwenyewe.

Nilikaa naye nyumba moja Temeke kwa miaka kadhaa, chumba chake kikitazamana na changu. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, karani wa kuhesabu mizigo Kurasini, na ilikuwa bado haijaniingia hii tabia ya kuhama miji kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau kwenye basi. Tangu hapo nimelala Mtwara, Tanga, Mombasa na Lusaka, na vyumba vingi nilivyopanga nimesahau hata rangi ya milango yake. Mlango wa Mwalimu ulikuwa wa kijani, ubao wake wa chini umeliwa na maji.

Alifundisha fizikia katika shule ya sekondari upande wa Chang'ombe. Wote tulimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri, na katika miaka ile ambayo nchi nzima ilikuwa na Mwalimu mmoja, mtaa wetu ulijiona una wawili. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea ameinama kidogo upande mmoja, kama anayesikiliza kitu chini ya ardhi. Mimi aliniita Karani.

Swali lake lilijulikana mtaani. Ukimwambia dukani kumeletwa sukari, au maji yamerudi bombani, alikutazama usoni akauliza, "Una hakika, au unadhani?" Ukijibu una hakika, hapo hapo alitupa la pili: "Umejuaje?" La kwanza watu walilijibu bila taabu. Ni hilo la pili lililotuangusha. Nimeona mtu mzima aliyetoka kununua sukari, fuko lipo mkononi, akaanza kulifungua ili ahakikishe. Watoto wa mtaa walimuiga, wakaulizana hivyo wakigombea gololi. Wakubwa wengine walimkwepa. Fundi baiskeli wa kona alisema kuzungumza na Mwalimu ni kama kuitwa polisi kutoa ushahidi wa ajali ambayo hukuiona.

Ungedhani mtu wa namna hiyo ni mwoga wa kila kitu. Siku moja mchana nyoka aliingia chooni, wanaume tukakusanyika uani na mapanga, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwalimu alitoka chumbani amevaa ndala, akamtoa nyoka kwa mpini wa ufagio, akaenda kumtupa kwenye kichaka nyuma ya nyumba, akarudi kuendelea kusahihisha madaftari. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akasema nyoka alikuwa anaonekana, alikuwa pale, mrefu kiasi kile. Kinachoonekana hakikumsumbua. Dakika chache baadaye nikamwona anarudi jikoni kutazama kama jiko la mafuta ya taa limezimwa. Lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi.

Kilichomtia wasiwasi kuliko kufuli na jiko kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo kusoma, na huko akaingia katika kundi la watu waliokuwa wakipokea habari kutoka kwenye chombo kilichokuwa kinazunguka dunia. Chombo chenyewe kilirushwa kutoka jukwaa la baharini, pwani ya Kenya, siku ya sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo, mwisho wa mwaka sabini, nacho kikapewa jina la Uhuru. Kilikuwa na kazi ya kutafuta nyota zinazotoa eksirei. Masomo yalipokwisha, Mwalimu alirudi kulijenga taifa kama alivyoapa, na wenzake wakamruhusu kuchukua nakala za karatasi: mabunda marefu yaliyoviringishwa, yenye mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, na pembeni yake tarehe na saa.

Bi Mwanahawa alimuuliza kama ni eksirei hii hii ya hospitali. Mwalimu akasema ni hiyo hiyo, ila ya huko juu haifiki hapa chini, hewa yetu inaizuia, ndiyo maana ikabidi kifaa cha kuipokea kipelekwe nje ya hewa. Bi Mwanahawa akasema afadhali, maana yeye alipopigwa eksirei ya kifua walimvua hadi hirizi.

Nyota aliyoishughulikia iko upande wa kusini wa anga. Kwa macho huioni. Namna alivyotuelewesha sitaisahau, maana alimtumia balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mnene, mwenye sauti, aliyekuja jioni moja jua likiwa bado lipo kukagua nani ana mgeni. Mwalimu alimwomba asimame katikati ya uwanja. Yeye mwenyewe akashika kopo na kijiti, akaanza kumzunguka huku akigonga, ti, ti, ti, bila kuharakisha wala kuchelewa. Kila alipopita nyuma ya Balozi, upande tusiomwona, aliacha kugonga. Akitokeza, anaanza tena.

Akasema Balozi ni nyota kubwa. Mgongaji ni nyota ndogo iliyokufa zamani ikajikunja, ukubwa wake ni kutoka Temeke hadi Pugu tu, lakini ni nzito kuliko jua. Kwa uzito huo inavuta hewa ya mwenzake na kuinyonya, na ile hewa ikiangukia juu yake inawaka kwa joto lisilosemeka. Eksirei inatoka hapo. Kila baada ya siku mbili na kitu inapita nyuma ya mwenzake, chombo hakisikii kitu, kisha inatokeza.

"Ngoja," Balozi akasema. "Yaani hapa mie nanyonywa?"

"Unanyonywa, Balozi."

"Na hiki kinachoninyonya ni kidogo hivyo?"

"Kidogo sana."

"Basi ni kupe huyo. Azimio la Arusha halijafika huko?"

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Kwa muda mrefu baadaye Balozi aliulizwa njiani kama bado ananyonywa. Lakini nilimwona Mwalimu anavyolitazama lile kopo mkononi. Aliniambia baadaye kwamba kinachomsumbua si ile nyota kupotea, maana kupotea kwake kuna sababu, kuna mwenzake aliyeiziba. Kinachomsumbua ni saa. Ukijua kwa hakika saa inapopotea na saa inapotokeza, kwa miezi mingi, unaweza kujua uzito wa nyota zote mbili, na kama njia yake inabadilika. Ukikosea saa, umekosea kila kitu, na hakuna mtu atakayekuja kukwambia, kwa sababu nyota hailalamiki.

Wino wa zile karatasi ulikuwa unafifia. Joto, chumvi ya hewa na mende vilikuwa vinamaliza kazi ya watu wengi. Mwalimu alikuwa ameanza kunakili saa zote kwa mkono, lakini macho yalimchosha, na ndipo darasa likaingia katika habari hii.

Ilikuwa miaka ya kisomo cha watu wazima. Kila aliyejua kusoma aliombwa amfundishe asiyejua, na Mwalimu alipewa darasa la akina mama pale pale barazani kwetu, alasiri, shughuli za mchana zikishapungua. Bi Mwanahawa alikaa mbele. Pembeni yake alikaa Mama Saidi, muuza samaki wa kukaanga, mwenye mkono mzito na mdomo mwepesi. Herufi walizipata upesi kuliko namba. Mwalimu akaona afanye mambo mawili kwa pamoja: awasomee saa za nyota kutoka kwenye mabunda, wao waandike kama imla. Wangezoea namba, naye angepata nakala safi.

Mwanzoni alisoma tarakimu moja moja. Sifuri, sita, nne, sifuri. Mama Saidi alivumilia siku kadhaa, kisha akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, tunaandika nini? Namba gani hizi hazina kichwa wala miguu?"

Mwalimu akaeleza kuwa ni saa ambazo nyota ilipotea.

"Si useme saa, basi? Saa tunaijua."

Akaona ana haki. Kuanzia siku hiyo aliwasomea kama mtu anavyomsomea mwenzake saa. Darasa likachangamka. Wakawa wanasema "nyota yetu", wanaulizana imepotea saa ngapi wiki ile, na Bi Mwanahawa alidai hii nyota inatoka nyumbani bila kuaga. Mwandiko wao ulitengemaa. Mwalimu alizikusanya zile karatasi, akaacha kutazama mabunda yaliyofifia, akafanya hesabu zake kutoka kwenye mwandiko wa akina mama.

Baada ya muda nikaona amebadilika. Alianza kurudi kutoka barazani si mara moja tu bali mara mbili na tatu kuvuta kufuli. Alikula amesimama. Nilimuuliza, akaniingiza chumbani kwake, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba nyota imeanza kwenda isivyotakiwa. Katika karatasi za mwanzo inapotea na kutokeza kwa saa yake. Katika hizi za baadaye mara inachelewa, mara inawahi, na si kwa dakika, ni kwa saa nyingi. Kama ni kweli, basi kuna kitu cha tatu pale, kikubwa, kinachozivuta zote mbili, na hakuna mtu duniani aliyewahi kukiona.

"Si jambo la kufurahi hilo?" nikamuuliza.

"Ni kubwa mno, Karani. Kitu kikubwa hivyo wenzangu wangekiona. Lakini nimepiga hesabu mpaka zimenichosha, inatoka vile vile."

Ilitokea kwamba profesa wake wa ng'ambo alikuwa anapita nchini, na walimu wa sayansi waliandaa mkutano katika ukumbi wa shule moja Chang'ombe. Mwalimu akatakiwa azungumze. Profesa alikuwa anakusanya watu wa kushughulikia chombo kingine kitakachorushwa, na Mwalimu alijua, na sisi wote tulijua, kwamba akisimama na kitu cha tatu mkononi ataondoka Temeke. Asipokuwa nacho, atabaki na chaki. Alitamani kwenda. Sijawahi kumwona mtu anatamani kitu hivyo huku akikiogopa. Nguo yake ya mkutano aliinyoosha mapema, akaikuta ina mkunjo, akainyoosha tena.

Akina mama aliwaalika. Aliwaambia karatasi zao zitabandikwa ukutani mbele ya wageni. Nyumba ikawa kama ya harusi. Walinunua khanga za namna moja.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano, nilitoka zamu mapema nikakaa barazani nyuma ya darasa nikisubiri chakula. Mwalimu alishika kadi ya mwaliko mkono wa kushoto na chaki mkono wa kulia, akaanza kuwaandikia ubaoni siku na saa ya kufika ukumbini. Kadi niliiona baadaye, ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilisema saa mbili mchana. Yeye akaandika: Jumamosi, saa nane.

Chaki ikabaki ubaoni. Alitazama kadi, akatazama ubao. Hakuna mtu yeyote kati yetu ambaye angeona ajabu katika jambo lile. Wazungu wanaanza kuhesabu saa zao usiku wa manane na adhuhuri, sisi tunaanza jua linapochomoza na linapozama, na mwenye akili yake hasemi saa mbili mchana. Anageuza bila kujua kwamba amegeuza. Nami nilikuwa bado sijaelewa kitu alipoiweka chaki chini, akakaa sakafuni.

Aliwaaga mapema. Mama Saidi alisema Mwalimu ana homa, achemshiwe maji ya mchaichai.

Chumbani alikuwa ameshatoa mabunda yote. Alinipa kioo cha kukuzia, akaniambia nimsomee ninachokiona. Nikaona sifuri sita arobaini. Akanionyesha karatasi ya mwandiko wa Bi Mwanahawa, tarehe ile ile: kumi na mbili na arobaini. Jicho lake lilikuwa limeona sita, na mdomo wake ukasema kumi na mbili, kama mdomo wa mtu yeyote wa hapa ungesema. Saa za asubuhi zikaonekana zimechelewa kwa saa sita, za mchana zimewahi kwa saa sita. Akiwa ng'ambo hakuwahi kukosea hivyo, kwa sababu huko alisoma na kusema Kiingereza. Amekuja kukosea barazani kwao, alipokuwa amestarehe.

"Kitu cha tatu," akasema, "kilikuwa mie."

Ijumaa nzima tulizirudia hesabu, mimi nikisoma tarakimu moja moja, yeye akiandika. Saa zikarudi mahali pake, na nyota ikarudi katika njia yake ya kawaida. Nilimshauri aseme anaumwa. Homa tayari mtaa mzima unaijua. Mkutano utapita, Profesa ataondoka na heshima ya Mwalimu akilini, na pengine atamwita hata bila kitu cha tatu. Alinisikiliza vizuri. Nadhani ndilo shauri ambalo moyo wake ulikuwa umeshampa.

"Nikinyamaza, zile karatasi zitabaki zinasema nyota imekosea," akanijibu. "Nyota haikufanya kosa lolote, Karani. Siwezi kuisingizia."

Nikamuuliza, na akina mama je? Karatasi zimeshabandikwa. Khanga zimeshapigwa pasi.  Alikaa juu ya sanduku lake la bati akasema watajiona wajinga mbele ya wageni kwa kosa ambalo si lao, na hawataandika tena. Alisema hilo mara kadhaa, kwa maneno tofauti.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Akina mama walikaa mstari wa mbele, khanga zinang'aa, Mama Saidi amejipaka hina. Mwalimu alizungumza Kiingereza, na kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nilimfuata. Aliwaeleza alichodhani amekipata, akaeleza kwa nini hakikuwa kweli, akasema kosa lilikuwa la mdomo wake mwenyewe, si la walioandika, maana walioandika waliandika sawasawa walichosomewa. Profesa, aliyekuwa ameshausifu mwandiko wa zile karatasi ukutani, akauliza inawezekanaje. Mwalimu akamweleza saa zetu. Profesa akaangua kicheko, cha mtu aliyefurahi, si cha dharau, na walimu wote wakacheka pia, mmoja akanyoosha mkono wenye saa na kuzungusha kidole nusu duara kuwaonyesha wenzake. Akina mama walipoona watu wanacheka, wakacheka nao.

Bi Mwanahawa akanyoosha mkono kama alivyofundishwa darasani.

"Mwalimu, wanacheka nini?"

Alisimama pale mbele, mkono umeshika ukingo wa meza. Niliona anaipima ile sentensi kama anavyopima kufuli.

"Wanafurahi," akasema. "Wanasema mwandiko wenu mzuri. Na nyota yetu iko pale pale tulipoiacha."

Wakapiga vigelegele. Kila neno alilosema lilikuwa kweli, na yeye aliteseka nalo kana kwamba ni wizi.

Profesa alimpa mkono wakati wa chai, akamsifu kwa uaminifu wake, akasema wataonana. Hawakuonana tena. Mwalimu aliendelea kufundisha. Darasa la barazani likaendelea pia, lakini alirudi kusoma tarakimu moja moja, sifuri, sita, nne, sifuri, na haukupita muda akina mama wakaanza kupungua, mmoja mmoja, mpaka akabaki Bi Mwanahawa peke yake. Mwalimu hakuwauliza kwa nini. Aliniambia alikuwa anajua. Mwaka uliofuata alihamia nyumba za walimu, na mimi nikaacha kazi Kurasini, nikaanza kuzunguka.

Nilipita Temeke wakati wa vita vya Uganda. Vijana wa mtaa walikuwa mbele, redio hazikuzimwa, kila mama mwenye mtoto jeshini alikuwa na sura moja. Nikiwa nimekaa uani na Bi Mwanahawa akichambua mchele, Mwalimu akaingia, amekonda zaidi, akasalimu, akakaa kitako kama mfiwa. Bi Mwanahawa akaogopa, akamuuliza nani. Akasema ni chombo. Kile chombo kimeshuka hewani na kuungua. Kilikuwa kimeacha kufanya kazi miaka mingi, lakini kilikuwa bado kinazunguka, na sasa hakipo.

Ungedhani mama yule, mwenye mpwa wake huko vitani, angemkasirikia. Aliumwaga mchele wa mkononi kwenye ungo, akasema, "Pole, baba," akaenda kumletea uji. Mwalimu akanywa wote. Alipoondoka, Bi Mwanahawa alimsindikiza kwa macho.

"Bado anadhani hatujui," akaniambia.

Nilimuuliza hawajui nini.

"Zile saa. Siku ile ile tulijua. Yule mwalimu mwenzake anazungusha kidole juu ya saa vile, sie vipofu? Kwenye basi Mama Saidi akasema, jamani, Mwalimu katusomea saa za kwetu. Tulicheka tukalia. Kesho yake anatusomea sifuri sita, sifuri sita, tukatazamana tu."

"Mbona hamkumwambia?"

"Tumwambie nini? Angetuuliza tuna hakika au tunadhani." Akapuliza makapi. "Mtu kasimama mbele ya watu wote kasema kosa langu. Kiingereza hatujui, lakini mtu anayekiri kosa tunamjua kwa sura. Ukimwona mtu amefanya hivyo unamwacha apumue."

Nikamuuliza basi kwa nini waliacha darasa. Alinishangaa. Akasema nimesahau mwaka ule ulivyokuwa, foleni ya unga ilianza alasiri, saa ya darasa. Mama Saidi alikuwa akiacha daftari lake kushika nafasi kwenye mstari, na siku moja mtu akaliiba. Ndiyo yote.

Nilidhani nitakutana na Mwalimu wiki hiyo nimweleze. Badala yake nikapata lori la Lindi.

Mwaka jana nilimwona. Bi Mwanahawa ameshafariki, Mwalimu alikwenda kumzika, mimi nilikuwa mbali. Amejenga kibanda cha matofali Boko, mbali na barabara ya Bagamoyo, na nilikijua kabla ya kuuliza kwa kuwa mlango wake ulikuwa na makufuli mawili. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama muda mrefu, akasema, "Karani." Macho yamefunikwa na ukungu mweupe, mgongo umeinama zaidi upande ule ule. Tulizungumza habari za vyombo vipya vilivyorushwa, ambavyo vimeisikiliza nyota yetu kwa usahihi usiopimika na kuikuta inazunguka kama zamani. Hilo alilisema bila uchungu.

Kisha akaanza kusugua goti kwa kiganja. 

"Wale akina mama," akasema. "Niliwaharibia. Waliona wanachekwa, nami nikawadanganya, wakaacha kusoma. Bi Mwanahawa alikufa nikiwa sijamwambia. Nalifikiria hilo kuliko yule Profesa."

Nikamweleza yote. Kidole cha yule mwalimu, basi, kicheko cha Mama Saidi, foleni ya unga, daftari lililoibiwa, na maneno ya Bi Mwanahawa kama alivyoyasema akipuliza makapi. Alisikiliza ameinamisha kichwa, sikio moja limenielekea.

"Alisema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Siku uliyokuja kusema chombo kimeungua. Ulikuwa hujafika hata kona."

"Una hakika, au unadhani?"

"Nina hakika, Mwalimu."

Nikajiandaa kwa lile la pili. Nilikuwa na majibu yote: uani, ungo, uji, redio inavyosema habari za vita. Nilimsubiri aniulize nimejuaje.  Akachukua fimbo yake, akasema nisije nikakosa basi, atanisindikiza.

Alifunga mlango, kufuli la juu na la chini, akayavuta. Tulikwenda njia ya mchanga pole pole, mkono wake begani kwangu, na tulipoikaribia barabara akasimama ghafla, kama mtu aliyesikia jina lake.

"Nisubiri hapo, Karani," akasema, akageuka kurudi kwenye mlango.

Nikamsubiri. Mabasi mawili yalinipita.